Kiini Kiko Nyumbani

Mkurugenzi alikuwa amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya kitanda cha watu, tai yake ikifagia vumbi.

"Huku hakuna kitu," alisema. "Pasua godoro."

Mlinzi wa kampuni akapasua. Sufi ikatapakaa chumba kizima.

Mwenye chumba, mhandisi wa programu, alikaa kizingitini kama mgeni. Asubuhi ile mkurugenzi alimuuliza mbele ya kikao: faili za kiini cha mfumo wetu wa Java ziko wapi? Wanunuzi wa kampuni wangefika adhuhuri, na hawakuwa na haja na moduli za mishahara wala za stoo. Hayo ni matawi. Walitaka kuona kiini, ambacho kikikosekana moduli zote ni maiti. Na bila wanunuzi, mkurugenzi hana kiti.

"Ziko nyumbani," mhandisi alijibu. "Kwa jina langu."

Hakupata nafasi ya kuongeza neno. Mwizi amekiri mwenyewe, maelezo ya nini tena? Mkurugenzi alimfukuza kazi palepale. Akamwagiza mpwa wake, fundi wa seva aliyeajiriwa juzijuzi kwa sifa ya kuwa mtoto wa dada, afute kila kitu cha mwizi kwenye mitambo. Kisha wakaja huku kupekua.

"Mkurugenzi, nyumbani nilikosema mimi..."

"Nyamaza. Utasemea polisi."

Mama wa mhandisi aliingia na ufagio. "Baba, unatafuta nini hasa?"

"Kiini, mama."

"Kiini ninachokijua mimi ni cha yai. Na mayai tumeshakula."

Mlinzi akacheka, halafu akakumbuka mshahara wake.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Haya. Asiyejua maana haambiwi maana." Akaanza kufagia sufi, yote akiielekeza kwenye viatu vya mkurugenzi.

Simu ikalia. Mkurugenzi aliipandisha sauti makusudi, wasikie jinsi watu wake wanavyochapa kazi.

"Mjomba, nimemaliza," alisema mpwa. "Nimefuta kila chenye jina lake. Folda moja tu ilinisumbua, nzito kweli, mashine ikawa inaniuliza mara mbili mbili kama nina hakika. Inaitwa Nyumbani. Nikaijibu ndiyo."