Kisahani Kitupu

Mbaruku wa maabara alimwonyesha Bi Zamoyoni kisahani kitupu cha kioo, alimopanda damu ya Shemsa, binti wa Bi Zamoyoni, kuona kama vijidudu vitaota. Bi Zamoyoni alinywea.

"Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, mwanangu. Ndiyo kusema Shemsa haponi?"

"Anapona, mama! Vijidudu vilijificha ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wenyewe wa mwili. Dawa ya kwanza ilibaki nje. Hii mpya imeingia, ikaviua humo humo. Juzi, kabla ya dawa hii, tulipopasua chembe na kupanda kilichomo, madoa ya vijidudu yalijaa. Leo halijaota hata moja."

Bi Zamoyoni alikiinua kisahani dirishani, jua likapita lote. Kigelegele chake kikatikisa maabara, na wodini, nyuma ya ukuta, sauti iliyokauka ya Shemsa ikajaribu kukipokea.