Mwenye Boma Hapendi Riwaya

Mwana wa mfalme alirudi akiwa ameungua kuanzia kiunoni kwenda chini. Kichwa chake cha nywele za dhahabu kilikuwa kizima, na mkono wake bado ulikuwa umemshika yaya pale kwenye jalada, lakini farasi alikwisha kuwa majivu. Nyathira alikipokea kile kitabu, akakiweka juu ya meza ili wenzake wakione.

"Nani amefanya hii?"

"Mwenye boma," Chepkosgei alisema. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Na amesema nisikuje tena."

Nyathira aliuza riwaya za mitumba mjini Kericho. Kila Jumamosi alasiri wanawake watatu walikutana naye nyuma ya duka, wakabishana juu ya mapenzi ya vitabuni kama wengine wanavyobishana juu ya siasa. Yeye alipenda ya kale, ya wafalme na magauni marefu. Marcella, fundi wa cherehani wa duka la pili, hakutaka kusikia habari nyingine ila za wanyonya damu na wanaume wanaogeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka. Winny, mwalimu wa chekechea, alisoma chochote. Chepkosgei alitoka Kapsoit, kwenye chai yake na ng'ombe wake, na hakuna aliyesoma kwa njaa kama yeye. Hapa tu ndipo alipocheka. Sasa hata hapa amekatazwa.

Damu ilimchemka Nyathira. Aliwahi kuolewa na mtu wa namna hiyo, na hakuwa amemsamehe.

"Alikasirika juu ya nini?" aliuliza.

"Ile maneno nilisema wiki iliyopita. Nilirudia nyumbani. Nilidhani tutacheka."

Wote waliyakumbuka. Siku hiyo Nyathira alikuwa ameshikilia kwamba mwanaume anayeota manyoya si mume, ni mfugo. Marcella akamjibu kwamba mfugo huyo angalau humnusa mkewe kutoka mlima wa pili na kuja mbio, ilhali wana wa wafalme huzunguka nusu ya kitabu kabla ya kugusa mkono wa mtu. Walicheka mpaka chai ikapoa. Kisha Chepkosgei akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka tu mtu aniangalie hivyo. Hata mara moja."

"Anakupiga?" Marcella aliuliza.

"Hajawahi kuinua mkono."

"Basi anakupenda?"

Chepkosgei alifikiri. "Ananitunza. Alipeleka ng'ombe wazuri kwetu. Hakuwa na mtoto hata mmoja, na hawa wangu anawapenda kama mboni ya jicho. Lakini analala ile nyumba ingine."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Marcella aliweka kikombe chini. "Sasa hao watoto..."

"Watoto ni wa boma," Winny alimkatiza. Hakumtazama mtu. "Wachaneni na hiyo maneno. Hamjui hiyo nyumba."

Winny alikuwa Mkipsigis kama Chepkosgei, na Nyathira aliona anamkingia kifua mwanaume wa kwao. Akamkasirikia naye.

"Ni nyinyi mnawaficha hawa wanaume. Mnaimba nao kanisani, mnanyamaza." Akamgeukia Chepkosgei. "Mtu kama huyo anaachwa. Hapa nyuma kuna chumba. Leta watoto siku yoyote unataka."

Chepkosgei hakukubali, lakini hakukataa pia. Alikitazama kile chumba kwa muda mrefu, kisha akaenda zake.

Jumatatu Nyathira alifunga duka mapema, akapanda pikipiki hadi Kapsoit. Alichagua saa ambayo Chepkosgei angekuwa kituoni akipimisha majani ya chai, maana hakutaka kumwaibisha mbele ya mumewe. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na kila aliporudia yalizidi ukali.

Uani alimkuta mama mzee ameketi kwenye kigoda, anasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Mtoto mchanga alikuwa amelala mgongoni mwake, na mwingine alicheza miguuni pake. Mama mkwe huyu, Nyathira alijiambia, na hasira zake akazishusha kidogo kwa heshima ya uzee.

"Chamge, kogo," alimwamkia kwa Kikipsigis, kama mtu anavyomwamkia nyanya yake.

"Chamge mising." Mama mzee alimpima kwa macho kutoka viatu hadi kilemba. "Wewe ndio ule wa vitabu."

"Ni mimi. Naomba kuona mzee wa hii boma."

"Ya nini?"

"Nimwambie kwa uso. Mtu anachoma kitabu, na bibi yake hata kumwangalia hamwangalii. Chepkosgei amekuwa kama mfungwa hapa. Kama hamumtaki, kuna wenye wanamtaka."

Mama mzee aliweka kibuyu chini. Aliinuka kwenye kigoda, mikono myeusi kwa mkaa, na Nyathira aliona usoni pake hasira kama zake mwenyewe.

"Unataka kumpeleka wapi?"

"Kwangu mjini, yeye na watoto. Ako kijana bado. Atapata bwana wa kumpenda." Nyathira alichungulia mlangoni. "Huyo mwanaume ajitokeze. Ako wapi?"

"Mwanaume nilizika kitambo, akaniacha bila mtoto," alisema yule mama. "Chepkosgei ni bibi yangu, nilimuoa mimi kwa ng'ombe wangu, kwa mila yetu, ili hii boma ipate watoto. Sasa nyinyi mkimtafutia bwana, mimi nitabaki na nani?"