Sauti Ilichelewa Kidogo

Fundi alibadilisha tarakimu moja ya masafa, akabonyeza, akaegemea meza. Kompyuta yake ndogo, ya kuenea kiganjani, ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Juu yake waya wa antena umesimama kama sharubu la panya. Pembeni kamera, jicho lake dogo kama punje ya pilipili manga, inamkodolea.

"Bado tu, mwanangu?" mama aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Bado, mama. Wewe angalia tu."

Tangu avunjike nyonga, mama alikuwa haoni ila dari na televisheni. Alitamani kuona wapita njia. Basi kamera ingefungwa getini, na mtambo huu urushe picha na sauti mpaka kwenye televisheni yake. Wiki nzima skrini ilimjibu: hakuna mawimbi.

Simu ikaita. Kaka yake, anataka kujua hali.

"Hali gani? Mimi muuguzi, mimi mpishi, mimi fundi." Akainamia meza, akanong'ona. "Kaka, nimechoka naye. Njoo umchukue. Simtaki tena humu ndani."

Akakata simu, akafumba macho.

Ndipo televisheni ya chumba cha pili ikanong'ona, kwa sauti ya fundi mwenyewe iliyochelewa kidogo njiani: "Njoo umchukue. Simtaki tena humu ndani."

Alifumbua macho. Kamera bado inamkodolea.

"Picha imekuja, mwanangu," mama alisema. "Kumbe umekonda hivyo."