Kuta za Upole

Siku hizi kila nyumba ina kuta zinazolainisha sauti. Ukipiga kelele ndani, jirani anasikia wimbo wa kubembeleza mtoto. Ni sheria, na wengi wanaipenda.

Sisi Joka Bovu tunaiona kero tupu. Sisi ni bendi ya panki, ule muziki wa makelele; nyimbo zetu tunazichota kwenye riwaya za falme za kubuni, na mimi ndiye ninayepayuka. Jana jioni nilikuwa malkia anayeunguzwa na joka, nikapayuka mpaka koo likawasha.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Rehani wa ghorofa ya chini, mjukuu wake amemlalia begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mishi. Asante, wimbo wako umemlaza."

"Mama, yule ni malkia anaungua! Anaita watu wamwokoe."

Akacheka. "Basi anaita vizuri, kama yule bibi harusi wa mlango wa pili. Kila mumewe akirudi, huimba huyo!"

Kombo, mpiga ngoma wetu, akaweka vijiti chini. Kwenye ngazi, viatu vya mwanamume vilikuwa vinapanda. Mlango wa pili ukafunguliwa, ukafungwa.

Kisha wimbo ukaanza, mtamu kabisa.