Masweta ya Tunu

Kwa mara ya kwanza Bi Salha, mwenye duka la nguo, alimwachia mwanagenzi wake Tunu achague mwenyewe bidhaa za msimu wa baridi. Tunu akaagiza masweta, rafu zikajaa. Msimu ukafika, lakini jua likazidi kuwaka.

Tunu hakutulia. Aliyakunja masweta, akayakunjua, akaenda mlangoni kutazama mbingu.

“Mbingu haikuagiza, mwanangu,” alisema Bi Salha. “Umeagiza wewe.”

Tunu akavaa sweta jekundu, akafunga vifungo vyote, akasimama nje juani. Wapita njia wakamcheka. Jasho likamtiririka.

Mama mmoja akasimama.

“Joto lote hili, binti?”

“Baridi inakuja, mama.”

Yule mama alitua kapu lake, akaanza kuipapasa ile sufu kwa vidole viwili, taratibu.