Kura ya Tarumbeta

Tarumbeta lililia tena alfajiri, likashindwa nota ileile ya juu iliyolishinda jana. Kompyuta, kama majirani walivyomwita kwa sababu ya kazi yake, akajifunika mto kichwani. Mwezi mzima hajalala akashiba usingizi. Sauti ilizunguka kwenye ngazi za jengo hata hakuna aliyejua inatoka mlango gani.

Leo mambo yangekwisha. Mama Mwenyekiti, mjane mpole wa ghorofa ya chini, alikuwa amewatumia wapangaji wote swali kwa simu: tarumbeta liendelee? Watu walijibu kwa hasira zao zote. Akamwomba Kompyuta atengeneze programu ya kuyageuza majibu yao kuwa kweli, yaani ndiyo, au uongo, yaani hapana.

"Siwezi kusoma matusi yote hayo, mwanangu," alisema, akijipaka mafuta kwenye midomo iliyochubuka. "Nataka ndiyo au hapana tu. Nitabandika matokeo, na yakishabandikwa hayabanduliwi mpaka mwaka uishe. Ndiyo kanuni ya jengo."

Kompyuta aliandika programu huku akisinzia, akaituma bila kuijaribu. Haraka haraka haina baraka, lakini usingizi haujui methali.

Mchana alikuta watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Kweli: wote. Uongo: hakuna.

"Mimi niliandika 'Thubutu'," alilalamika fundi cherehani.

"Na mimi nilisema nitalitupa dirishani," mkewe akadakia, "na mwenyewe akiwa kaling'ang'ania."

Kompyuta akatambua kosa lake. Kwa mashine, maandishi yoyote ni kweli. Uongo ni pale tu pasipo na herufi hata moja. Alipaswa kuifundisha kuitambua "hapana", akasahau. Kila tusi lilihesabiwa kuwa ndiyo.

Akakimbilia mlangoni kwa Mama Mwenyekiti.

"Shikamoo, mama. Nimekosea. Programu haikuyaelewa majibu. Naomba tuhesabu upya."

"Marahaba. Tuhesabu upya nini, na mtaalamu ni wewe?" Mama alichungulia kupitia upenyo wa mlango, uso mtulivu kabisa. "Mashine ikishasema, sisi ni nani tubishe?"

"Mwaka mzima, mama. Nitakufa kwa kukosa usingizi."

"Huwezi kufa, mwanangu. Nivumilie kidogo tu. Ile nota ya juu, kesho naipata."