Mti wa Namsifu

Kuni za kupasha joto hospitali ya mji zilishushwa uani asubuhi, na Bi Nakijwa akautambua mti wake. Gogo lilikuwa na chale alizolichanja mwenyewe, siku alipozika kitovu cha binti yake Namsifu chini ya mti huo.

"Nani kawapa ruhusa?"

"Msitu ni wa umma, mama," alisema Mbazi, mchochea tanuri.

"Wa umma! Tulipookota vijiti humo, ninyi watu wa serikali mlitucharaza, na kamba zetu mkazichukua."

"Mimi nilikuwa bado nanyonya, mama. Ila hili ndilo gogo pekee lililokauka. Mengine yatatoa moshi tu."

Wodini, Namsifu alikuwa amemfunga kifuani mtoto aliyezaliwa jana kabla ya wakati wake, na mabomba ya ukutani, yaletayo joto kutoka tanurini, yalikuwa baridi kama jiwe.

Bi Nakijwa alibandua gome lenye chale, akalifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akalisukuma gogo mwenyewe hadi mdomoni mwa tanuri.

"Choma. Lakini asante yako sitaki."

Akapanda wodini. Akaweka kiganja kimoja mgongoni mwa mjukuu, kingine juu ya bomba, akangoja.